Kompyuta Ilimwonyesha Saa Zake Zinakokwenda

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mpanga kurasa anavuta kiti hadi kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la vyombo na dirisha. Anafungua kitabu cha sayansi cha darasa la tano. Kabla hajagusa herufi hata moja, jina la mteja linatokea pembeni mwa skrini na programu ya kupima muda inaanza kuhesabu dakika.

"Mimi sibonyezi kitu!" anasema, macho yakimng'aa. "Nikifungua kazi ya mteja wangu mwenye duka, inajua nafanya ya duka. Nikienda kuchemsha chai, inasimama yenyewe. Hainionei wala hainipendelei."

Majirani humwita Mama Kurasa. Kwa miaka sita amekuwa akipanga maandishi na picha akiwa nyumbani, kwa wateja watatu: mchapishaji wa vitabu vya shule, duka la samani na kliniki ya meno.

Miaka yote hiyo, saa za kila mteja aliziandika kwenye daftari kwa kukumbuka.

"Nilikuwa nakisia tu," anasema. "Jioni najikuna kichwa, naandika: leo vitabu, saa sita. Basi, imetoka hiyo."

Mwaka huu alichoka hasa. Mgongo ulimuuma, Jumamosi zake zilimezwa na kazi, na wifi yake anayeishi naye hakuacha kumtania: "Wifi, hiyo kompyuta imekuoa?"

Mama Kurasa akaamua kuwa mchawi wake ni vitabu. Akaandika barua ya kuachana na mchapishaji.

"Nililia nikiiandika," anakiri. "Vitabu ndivyo vilivyonivuta kwenye kazi hii."

Wifi yake ni karani katika ofisi ya mawakili, ambako programu ya kupima muda ni jambo la kila siku. Alipoisoma ile barua, akaing'ang'ania.

"Usiitume kwanza," alimwambia. "Pima mwezi mmoja, ndipo ukate shauri." Siku hiyo hiyo akamwekea programu.

Mwezi ulipokwisha, wawili hao waliketi mbele ya skrini. Kliniki: saa tisa. Vitabu: saa arobaini na nane. Duka la samani: saa sabini na moja.

"Nilipiga ukelele, wifi akamwaga chai!"

Kumbe kazi ya duka ilikuwa ikiingia kwa vipande: badilisha rangi, sogeza kochi kwenye ukurasa, rudisha kochi. "Kila mara mwenye duka ananiambia, 'Dada, ni dakika moja tu.' Hizo dakika moja zilikuwa mia na sitini na tatu kwa mwezi, na hakuna hata moja iliyokuwa dakika moja!"

Alimtumia mwenye duka orodha nzima ya saa hizo. Alijua anaweza kumpoteza.

"Nilidhani kompyuta imerukwa na akili," mwenye duka anasimulia kwa simu, akicheka. "Halafu nikaona tarehe, saa, mpaka lile kabati nililolihamisha mara kumi na nne. Nikasema, loo, msumbufu ni mimi!"

Wakakubaliana mabadiliko yote yaje kwa mkupuo mmoja, kila Jumatatu. Mwezi uliofuata, duka lilichukua saa ishirini na sita. Barua ya kuachana na mchapishaji ikafutwa.

Jumamosi sasa Mama Kurasa hagusi kompyuta. Na saa nyingine zilizookolewa zimepata kazi: shule ya wanafunzi wenye uoni hafifu imemwomba awapangie vitabu vya kusoma vyenye herufi kubwa. Mchapishaji amekubali kuvichapa.

Wiki iliyopita alipeleka kurasa nne za majaribio. Anasimama anapolisimulia hili, kiti hakimtoshi.

"Mwalimu wao ananiambia walizigombania! Mmoja alisoma ukurasa mzima peke yake, akamaliza, akaanza tena."

Anataka vitabu vitano viwe tayari kabla shule hazijafunguliwa.

"Hawa hawatasubiri tena kusomewa," anasema, akifungua faili jipya. "Kila mmoja na chake, mkononi. Haya, niache nifanye kazi!"