Bakuli la Peninah

Mchapaji wa picha pale kitongoji cha Minto ana vidole vyeusi vya wino ambavyo sabuni za nchi tatu zimejaribu kuving'arisha zikakata tamaa, na hapo chumvi haijaongezwa. Hachori watu. Huchonga picha za vyombo vya jikoni kwenye kibao, akakipaka wino, akalaza karatasi juu na kuisugua kwa mgongo wa kijiko huku akiinong'oneza kama anayebembeleza kichanga. Kisha huiinua kwa ncha, polepole mno, hata nzi wa gereji anamofanyia kazi husimama hewani kutazama. Jumamosi moja jirani yake Peninah, nesi, alikuja mvuani na mwavuli wake kudai bakuli alilomwazimisha tangu Pasaka, maana kesho yake alikuwa anahamia Penrith, upande wa pili wa jiji.

"Dada, leo sitoki hapa bila bakuli langu."

"Ngoja kwanza karatasi ikubali," mchapaji akasema, bila kuinua uso.

Karatasi ilipoinuka, Peninah akasahau kufunga mdomo. Bakuli lake ndilo lile, na pengo lake la ukingoni, na ndani yake vijiko viwili vimeegemeana kama watu waliochoka pamoja. Lilikuwa jeupe katikati ya weusi wote ule, liking'aa hata akajiona uso, ndivyo anavyoapa mpaka leo.

"Umeshalichora, basi nipe nihame nalo."

Mchapaji akajifuta mikono kwenye aproni. "Nikikupa, utarudi huku kufuata nini?"

Peninah akamaliza chai aliyokaribishwa, akaaga, akatoka mvuani, mwavuli akauacha mlangoni makusudi.