Ncha ya Pili ya Tepu

Siku ya kwanza nilifika ofisi ya upimaji Chake Chake na viatu vipya, na kabla ya adhuhuri soli zilikuwa zimekwisha. Tulipelekwa Micheweni, kwenye ardhi ya mawe makali isiyomhurumia mtu. Mkuu wa Upimaji, mzee mkavu wa maneno, alinitia mkononi ncha ya tepu ya chuma ya mita thelathini.

"Wewe utashika sifuri," akasema. "Hamad atasoma. Akisoma, rudia. Kisichorudiwa hakiandikwi."

Nawaeleza vijana ambao hamkuiona kazi ile. Kupima mstari kulitaka watu wanne: wawili wa kusafisha njia kwa mapanga, wawili wa kuvuta tepu. Mshika sifuri aliibana ncha juu ya kigingi. Msomaji akavuta mpaka tepu ikakaza, akataja namba kwa sauti. Mshika sifuri akairudia. Ikiwa sawa, msomaji alisema, "Andika," na hapo tu ndipo niliitia kwenye kitabu cha vipimo. Kila kona tulisimika bikoni, nguzo fupi ya zege, na chini yake tukafukia chupa tupu ya soda, mdomo chini, ili bikoni ikiibiwa chupa ibaki kutoa ushahidi.

Hamad alikuwa mtu wa Shumba. Alinizidi miaka miwili na alinidhihaki kwa ishirini. Tukipima kaskazini, mama yake hakukubali tule kwengine. Aliniita mwanangu, na nikiondoka alinifungia mkate wa kumimina wa kupeleka nyumbani.

Kisha vikaja vyama vingi. Mimi nikashika changu na Hamad akashika chake, na uchaguzi wa kwanza ulipopita kisiwa kizima kilikuwa kimepasuka. Watu walichagua duka la kununua chumvi. Jirani alimpita jirani bila salamu, na hata kuzikana ikawa kwa chama. Ukiwauliza leo, kila mmoja atakwambia walioanza ni wale wengine. Mimi na Hamad tuliacha kuamkiana, wala sikumbuki nani alitangulia.

Mwaka huohuo mama yake akafariki. Habari zilinifika asubuhi. Nilivaa kanzu, nikatoka hadi barazani, nikakaa hapo nikihofia watu wa chama changu watasemaje wakiniona Shumba. Nilikaa mpaka maiti ikazikwa. Sikwenda. Nilimkosea yule mama aliyenilisha, nikamkosea na mwanawe, na nimechoka na jambo hili kuliko nilivyochoka na magoti yangu.

Hamad alirudi kazini siku ya nne. Tukavuta tepu kama kawaida, maana kiwanja hakijui chama. Kwa miaka kadhaa maneno pekee kati yetu yalikuwa namba. Yeye akisoma, mimi nikirudia, yeye "Andika." Hata hivyo nilimjua. Akiwa na homa alizikokota namba, na siku aliyopata mtoto wa kiume alizisoma mbiombio mpaka nikamrudisha mara mbili. Kila asubuhi nilijiambia leo nitamtaka radhi, na kila jioni niliikunja tepu nikijiambia kesho tutakuwa pamoja tena.

Afisa Ardhi mpya, bwana mpole kutoka Unguja, aliliona hilo akatuita ofisini. Alituuliza kama tungependa atutenganishe. Mimi niliangalia sakafu.

"Muheshimiwa," Hamad akasema, "yule ajua kushika."

Afisa hakutugusa tena.

Kilichotutenganisha kilikuja ndani ya sanduku la plastiki. Ni GPS, kifaa kinachozungumza na setilaiti na kukwambia umesimama wapi. Mtaalamu kijana alitufundisha siku tatu, akatutangazia kwa furaha kwamba sasa mtu mmoja atafanya kazi ya wanne. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu, maana magoti yalikwisha anza kuniuma. Wiki iliyofuata Hamad alipewa kaskazini, mimi nikapewa Mkoani. Tepu ikarudishwa stoo.

Baadaye likaja na grupu la kwenye simu. Hamad aliweka vipimo vyake humo, mimi nikaweka alama ya dole gumba. Ofisi ilisema ushirikiano umeimarika. Siasa nazo zilikuwa zimepoa, watu wameanza kuzikana na kuoana kama zamani, lakini maelewano hayo yalitukuta kila mtu na kifaa chake na njia yake. Kosa kama lile siwezi kuliandika kwenye grupu la watu thelathini. Nilistaafu sijamwambia kitu.

Mwaka jana alinipigia Bi Asha, mpimaji kijana wa ofisi yetu. Skuli moja ya Shumba ilitaka kujenga madarasa na mpaka haukuonekana. Ramani ilikuwa yetu ya zamani, na kifaa chake hakikuweza kuioanisha na ardhi mpaka ipatikane japo kona moja ya asili. Bikoni zilikwishang'olewa, watu wamejengea misingi.

"Mzee Faki, nimemwita na Mzee Hamad," akasema. "Kitabu chasema mulipima kutoka kisimani."

Nilimkuta Hamad amekaa ukingoni mwa kisima, fimbo mkononi. Nilimtolea salamu, akaitikia. Bi Asha akatoa tepu ya stoo, yenye kutu, na mimi nikaichukua sifuri kwa mazoea.

"Lete hiyo," Hamad akasema. "Mie macho sina tena. Soma weye."

Basi nikavuta kuelekea kona ya msikiti, mpaka kwenye namba iliyoandikwa kitabuni.

"Ishirini na moja, nukta arubaini."

"Ishirini na moja, nukta arubaini," akarudia.

Mlinzi wa skuli alichimba. Chupa ilikuwepo, mdomo chini. Bi Asha akaweka kifaa chake juu yake, akainamia kioo. Hamad alikuja akiifuata tepu kwa mkono, polepole, mpaka akanifikia. Nikaona nikiingoja kesho nyengine nitakuwa mpumbavu.

"Hamad, sikuja kumzika mama."

Kidole chake kilikuwa bado juu ya tepu.

"Hukuja kumzika mama," akarudia.

Akangoja. Kwa taratibu yetu, zamu ilikuwa ya msomaji.

"Andika," nikamwambia.

Bi Asha aliinua uso akatuambia tusisumbuke kuandika, kifaa kimeshahifadhi kila kitu.