Tundu Chini ya Injini

Kwa miaka thelathini fundi alikunja bati akatengeneza matangi ya maji, na hakuna hata moja lililovuja. Watu wakambandika jina la Havujishi, naye akavimba kichwa kidogo, ana haki.

Alipostaafu alianza kujenga ndege ya viti viwili kwenye banda nyuma ya nyumba, na miaka sita ikampita kama usingizi wa mchana. Aliota kasi tu. Lakini kila aliporuka, ndege ilijikokota na mshale wa joto ukakimbilia kwenye nyekundu. Akapanua matundu mawili ya mbele ili injini ipate hewa. Joto likazidi. Mara ya mwisho alitua na moshi, na mke wake, fundi cherehani, hakupiga kelele. Alisema tu kwamba moshi huo ukirudi, ndege inauzwa. Fundi akakubali, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Kesho yake mkewe alibandika vipande vya uzi juu ya kifuniko cha injini. Wakaifunga ndege kwenye nguzo, wakawasha. Nyuzi za ubavuni zililala vizuri kuelekea nyuma. Zile za kwenye matundu zilihangaika, kisha zikageukia mbele.

"Mzee, hewa yako inafika mlangoni inarudi," mkewe alisema. "Umeiachia wapi pa kutokea?"

Fundi akainama kutazama chini ya kifuniko. Nafasi ya kidole kimoja! Kwingine kote alikuwa ameziba, mshono kwa mshono, kwa mazoea ya matangi.

"Nitoboe bati langu mwenyewe?"

"Toboa, baba. Humo hamna maji."

Alikata upana wa kiganja huku uso kaukunja kama anayeng'olewa jino, akaulainisha ukingo, na matundu ya mbele akayapunguza. Kisha akaruka.

Mshale ulipanda, ukasita, ukatulia kwenye kijani. Ndege ikawa nyepesi. Kivuli chake kiliteleza juu ya mashamba bila haraka, mawingu yakasogea karibu, na fundi akahisi hewa ile inampitia yeye mwenyewe, inaingia na kutoka. Alifurahi mpaka akaogopa.

Alipotua, mkewe aliweka kiganja juu ya kifuniko, na hakukiondoa.

"Haya, haiuzwi. Ilikwenda kasi gani?"

Machozi yakamlengalenga fundi, akaanza kucheka.

"Mama wee," alisema, "sikuangalia."