Siku Bibi Alipowaita Manamba kwa Majina

Harufu ya makapi ya mkonge yanayooza ni chachu, inakaba koo, na wageni huziba pua. Mimi nikiipata njiani Ngombezi hunyoosha mgongo. Namwona Bibi yangu, Bi Tausi, amesimama mbele ya mkutano, karatasi mkononi.

Nilikuwa na miaka tisa. Meneja wa shamba letu, Mzungu, alikuwa ametangaza kwamba makaburi ya manamba yatalimwa, pale ipandwe mikonge. Manamba ndio babu zetu, vibarua walioletwa kutoka Songea, Newala, hata Burundi, enzi za ukoloni. Makaburi ya Wazungu, ng'ambo ya barabara tu, yenye ukuta na saruji, hayakuguswa. Babu yangu alilala chini ya jiwe lisiloandikwa kitu. Hadi leo nikikumbuka hasira hunipanda.

Mwalimu wangu wa shule alimwandikia Bibi hotuba nzuri ya kumpinga meneja mkutanoni, nami nikamkaririsha wiki nzima, maana hakujua kusoma. Siku yenyewe akaitazama karatasi, akaikunja, akaifutika kwenye upindo wa khanga. Ole wangu! Nikajua kasahau. Nilitamani ardhi inimeze.

"Zamani hapa kila alfajiri nyapara aliita namba," akasema, taratibu kama anachagua mchele. "Mbwa wa Mzungu alikuwa na jina. Mume wangu alikuwa na namba. Leo naita mimi, na naita majina."

Akaita, "Saidi Namkoma wa Newala!" Kimya. "Yohana Bigirimana wa Burundi!" Kimya. Meneja akatazama saa. Bibi, wala hana haraka, akarudia lile jina la kwanza, macho kwa Mama Zaina muuza vitumbua, binti wa marehemu Saidi. Mama Zaina akainuka.

"Nipo!"

Lo! Kuanzia hapo kila jina lilipata mtu. Hata wazee wa Kizigua, wenyeji wa pale, waliwaitikia marehemu wasioacha mtoto. Kisha nikasikia, "Petro Ndunguru wa Songea!" Babu yangu huyo. "Nipo!" nikapiga kelele, sauti ikanipasuka.

"Tutazungumza ofisini," meneja akasema.

"Zungumza hapa hapa," Bibi akamjibu. "Wenyewe wapo."

Trekta halikuja.

Miaka mingi niliwasimulia watu jinsi Bibi alivyosahau hotuba, Mungu akamwokoa. Kumbe! Nilipokuwa mtu mzima Mama Zaina alinicheka sana. Bibi alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akikusanya majina, na Mama Zaina mwenyewe alimwagiza, "Nikiita mara ya kwanza, nyamaza. Wausikie kwanza huo ukimya."

"Mbona mimi hakuniambia?" nikauliza.

"Alisema wewe huna haja ya kufundishwa kuitika."

Siku hizi wapo wanaoniambia mambo ya ukoloni yameisha, tuyaache. Waje wayasemee pale makaburini. Nipo.