Busu Lililofungiwa Mandazi

Yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenifundisha kusoma Kifaransa, na ndiye aliyechukua kitabu changu akakitoa kifungiwe mandazi. Miezi mingi imepita. Hasira bado ninayo, wala siitafutii dawa.

Mimi na mama tulikuwa tumetoka Oicha, upande wa Beni, tukikimbia wauaji, tukaja kukaa kwake Butembo, kule Bulengera. Mama aliacha shamba la kakao lililokuwa limeanza kuzaa vizuri. Leo linavunwa na watu tusiowajua. Mimi nilipata nafasi katika atelie ya ushonaji, wanawake watano na mashine tatu. Yaya ni mwalimu wa sekondari. Kila jioni alisikiliza habari za Beni redioni, kisha akatusimulia waliouawa, kana kwamba sisi hatukuwa tumeishi nao.

Kitabu nilikinunua sokoni, kwenye rundo la mitumba, kimelala chini ya makoti ya watoto. Kilikuwa kisa cha mwanamke anayepika sabuni katika mji ambapo mawingu hushuka asubuhi kununua chumvi. Uchawi wake ni mdogo tu: sabuni yake husafisha ndoto mbaya. Jirani yake ni fundi wa madirisha, mwanaume mwenye pembe fupi kama za mwanambuzi. Basi. Sufuria inapasuka, mvua inaharibu njia. Jirani anaona mikono ya yule mwanamke imebabuka kwa maji ya majivu, anamletea mafuta ya kupaka, anayaacha mlangoni kwa sababu anaona haya kubisha.

Nilifika ukurasa wa mia bila mtu kufa. Nilikuwa nasoma huku nangojea: sasa watakuja, sasa mlango utapigwa teke. Hawakuja. Katika sura ya pili yule mwanamke alipanda viazi, na katika sura ya sita akavivuna, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Hapo nilifunga kitabu nikalia juu ya shati la mteja.

Nikaanza kuwasomea wenzangu. Macho yalisoma Kifaransa, mdomo ukatoa Kiswahili. Mkubwa wetu alikuwa mama Mwislamu, mjane wa dereva aliyekuwa akipakia mizigo njia ya Beni. Kila mara yule wa pembe alipoingia katika kisa, mama huyo aliacha kukanyaga mashine.

"Angalia ile bwana," alisema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kifaransa. "Iko na pembe, mais iko na heshima kupita benye hapana na pembe."

Tulicheka mpaka mtu akachomwa na sindano. Ndivyo yaya alivyotukuta adhuhuri moja, alipopita kuchukua suruali yake. Alikichukua kitabu mezani, akasoma jalada la nyuma.

"Batu banakufa Beni," akasema, "na weye unasomea bamama mapenzi ya mutu wa pembe?"

"Yaya, inatupumuzisha tu."

"Nilikufundisha Kifaransa juu ya hii?"

Akakitia kwapani akaondoka. Sikumzuia. Yeye ni mkubwa wangu, na nyumba ninayolala ni yake. Hilo nalo linanichoma.

Siku ya tatu, mwenzetu mmoja alirudi na mandazi aliyoyanunua karibu na shule ya yaya. Kwenye karatasi ya kufungia, chini ya mafuta, nilisoma kwa Kifaransa maneno juu ya dirisha na mvua. Niliinuka na mkasi mkononi, nikaenda kwa miguu mpaka pale yanapouzwa, nusu nikikimbia.

"Mama, hii karatasi ulipata wapi?" nikamuuliza muuzaji.

"Ni mwalimu alinipatia. Alisema ni ya kufungia tu."

"Iko yangu."

Alinitazama usoni, akapangusa vidole, akanipa kilichobaki. Alikuwa ameanza kuchana katikati, mahali kinapofunguka kirahisi. "Unisamehe, mama. Mi hapana kujua."

Yeye nilimsamehe palepale. Kisha nikaingia ndani ya uwanja wa shule. Yaya alikuwa ameketi kivulini na walimu wenzake. Maisha yangu yote sikuwahi kumpandishia sauti.

"Yaya, nani alikuambia tunasahau?" nikasema. "Miye nilitoka Oicha na miguu. Niliruka maiti ku barabara. Weye Beni unaisikiaka ku redio. Usinifundishe kulia!"

Walimu wakaangalia viatu vyao.

"Rudia nyumbani, tutazungumuza," akasema.

"Tutazungumuza hapa."

Alisimama, akachukua chaki yake, akaingia darasani. Kengele ilikuwa haijalia.

Tuliendelea kusoma na sura tatu hazipo. Tulipogeuza ukurasa, fundi wa madirisha alikuwa tayari anamwita yule mwanamke mpenzi wake, na hatukujua ilianza lini. Mjane akapiga meza. "Muda yote ile tulingojea! Donc, nani alikula busu yetu?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nafikiri jinsi yaya, na wengi kama yeye, wanavyotutaka: mtu wa Beni akae kwenye matanga siku zote, akitaka kusoma, asome makaburi. Mji ambao mtu anakula viazi alivyopanda, mwanaume anayeogopa kubisha mlango, wanaviita upuuzi. Upuuzi! Mimi nimebishiwa mlango na wasioogopa.

Hakuniomba msamaha. Jumapili moja, tukiwa tunakula, alisema huku macho yake yapo kwenye bugali: "Ile mama wa sabuni... balioana?"

Mama alinigeukia. "Muambie, mutoto wangu."

Jibu nilikuwa nalo. Nilichota mboga ya sombe nikamwekea mama, nikajiwekea na mimi, nikala.