Shamba Tulilolirudisha

Hadi leo nikisikia kwamba wakubwa fulani wametia saini amani kisha wakagonganisha glasi, nazima redio.

Wazazi wangu walikuwa wakimbizi kutoka Burundi, nami nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi karibu na Mpanda. Kwetu ugomvi ulimalizwa kwa chungu kimoja cha pombe ya mtama. Mwaka mmoja ng'ombe wa jirani yetu Msukuma waliingia kwenye mihogo yetu wakaila. Yule mzee na baba walipatana, wakanywa, na kesho yake alfajiri maksai wake walikuwa wanatulimia shamba. Mapatano aliyoyajua baba yalikuwa hayo.

Basi katikati ya miaka ya tisini redio ikasema waliokuwa wakipigana kule Burundi wameelewana, na kila mkimbizi atarudishiwa ardhi yake. Mtangazaji akaongeza kwamba baada ya saini wakubwa walikunywa pamoja. Mama alitaka tungoje, tuone waliotangulia wamepokewaje. Baba akamkatiza.

"Watu wameshakunywa, mama watoto. Unangoja nini tena?"

Tuling'oa mihogo ikiwa bado myembamba kama vidole. Baba alivaa koti lake la kanisani, akaenda ofisi ya makazi kutia saini karatasi ya kuwarudishia shamba tulilokuwa tukilima pale.

Kule Burundi, kwao baba, tulikuta askari anaishi na familia yake kwenye nyumba ya babu. Ofisa wa eneo lile alimsikiliza baba huku akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. Alisema habari za makubaliano anazo, ila hakuna aliyemwagiza ayafanyie kazi. Kisha akatema mate karibu na miguu ya baba. Nilimchukia mtu yule, na ninamchukia bado. Tulilala wiki mbili kwenye sakafu ya shule, watu wanaharisha palepale walipolala, mpaka bunduki zilipoanza tena tukakimbia. Katika wale waliokunywa, sikuona hata mmoja njiani.

Tuliporudi Mpanda, baba alikwenda ofisini kuomba shamba lake. Karani hakuwa mtu mbaya, alimpa hata kiti. Alifungua jalada akamsomea: shamba lilipewa familia nyingine siku ileile aliyotia saini baba, kama karatasi ilivyotaka. Katika saini zote za mwaka ule, ya baba ndiyo pekee iliyotekelezwa.