Siku Niliyokaa Mama Aliposimama Bungeni

Kuna siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, nami nakusimulia ili usije ukaipata ya kwako. Nilikuwa mwalimu mpya, nimeshuka milima ya Uluguru kuja kufundisha Morogoro mjini, na majivuno yalinijaa tele. Wakulima wa mboga wa kijijini kwetu wakaalikwa na mbunge wao kwenda kulitembelea Bunge kule Dodoma. Mama yangu alikuwamo, na mjomba ndiye aliyeongoza msafara. Waliniomba niwasindikize, kwa kuwa nimesoma.

Tulipanda basi stendi ya Msamvu alfajiri. Mama alivaa kitenge kipya na viatu vya plastiki, na udongo wa bustani ya kabichi ulikuwa bado kwenye nyufa za visigino vyake, maana udongo ule hautoki kwa kuoga mara moja. Mimi nilivaa viatu virefu. Vilinibana kweli, na nilistahili.

Kwenye jukwaa la wageni nilijitenga nikakaa karibu na dada mmoja aliyependeza, ananukia manukato. Akaninong'oneza, "Wewe mwenyeji wa wapi?" Nikamjibu, "Dar." Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, yangu haikumaliza hata nusu saa.

Pale Bungeni wageni hutambulishwa, nao husimama ili wabunge wawaone. Spika akasoma: "Tunao wakulima wa mboga kutoka milima ya Uluguru. Karibuni sana, naomba msimame."

Wakasimama wote. Wabunge wakagonga meza, ukumbi mzima ukavuma. Mama alisimama wima, uso unang'aa, akageuka kunitafuta. Nikainamisha kichwa. Nilikaa.

Tulipotoka, mjomba aliniita kando. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na neno la mjomba halijibiwi ovyo.

"Mpwa wangu," akasema, "waheshimiwa wazima wamemgongea meza mama yako. Wewe uliyetoka tumboni mwake umemwacha anakutafuta kwa macho. Haya niambie, wewe ni wa ukoo gani?"

Mama hakunikaripia hata kidogo. Ndani ya basi alinikatia kipande cha muhogo wake kama kawaida, nikala huku machozi yananitoka. Hata ningechapwa, ningeumia kuliko pale? Wala.

Mwaka huu wakulima wa kijijini wamealikwa tena. Mama ameshazeeka, miguu haimruhusu, nikamwomba nafasi yake. Spika alipotamka tu Uluguru, nilikuwa nimekwisha simama, kabla ya wenzangu wote. Meza zikagongwa. Nakwambia kweli, sijawahi kujivunia kitu kama nilivyojivunia kuitwa mtu wa kule.

Niliporudi nilipanda mlima moja kwa moja mpaka kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Walitutaja?"

"Walitutaja."

Akanitazama kwanza. "Ulisimama?"

"Nilisimama, mama."

Akacheka, akanishika mkono, asiuachie mpaka chai ikapoa.

Basi, mwanangu, mkana kwao ni mtumwa. Soma, vaa upendeze, kaa na wakubwa; sikukatazi. Lakini watu wako wakitajwa, usianze kuangalia nani anakuangalia. Simama nao, mama yako asikutafute kwa macho. Mungu akupe miguu ya kusimamia, na akuwekee wa kwenu wa kusimama nawe.